Barua ya wazi kwa wakuu wa posta ya jeshi na ugavi: kadi za askari zinaishia wapi?

Waheshimiwa Wakuu,

YAH: KADI ZA SHUKRANI ZISIZORUDI NA VIFURUSHI VINAVYOHARIBIKA NJIANI

Kwa heshima na taadhima, sisi tunaofunga vifurushi vya askari walio kazini mbali na nyumbani tunawaandikia hadharani. Hatukuanzia hapa. Tulianza kwa barua za ndani, tukafuata kwa vikao, tukakabidhi orodha ya kasoro kwa maandishi. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: suala linashughulikiwa. Vifurushi vinaendelea kuondoka, kadi hazirudi.

Ndani ya kila katoni tunaweka kadi za majibu za ukubwa wa A6, za karatasi ngumu. Upande mmoja una anwani yetu na namba ya katoni. Upande wa pili una mistari michache na visanduku vya kutia alama: kimefika lini, kimefika katika hali gani, kipi kimefaa, kipi kisiletwe tena. Pamoja na kadi tunaweka penseli fupi, si kalamu, kwa sababu wino wa kalamu nyingi hutiririka ukilowa ilhali maandishi ya penseli hubaki. Bahasha za kulamba tuliziacha zamani. Kwenye joto lenye unyevu gundi yake hujishika yenyewe, zikafika zimejifunga zikiwa tupu.

Kadi moja ikirudi, tunaipitisha mkono kwa mkono. Kona zimepinda, kuna alama ya kidole gumba chenye vumbi, na maandishi yamebanwa hadi ukingoni kwa sababu watu saba wametaka kuandika kwenye kadi moja. Askari hashukuru kwa maneno ya jumla. Anashukuru kwa kukitaja kitu: soksi, kwa kuwa alibakiwa na jozi moja kavu, vitambaa vyenye unyevu, kwa kuwa maji ya kuoga ni ya mgao, barua ya mtoto asiyemjua, ambayo ameibandika juu ya kitanda chake. Na katika shukrani hiyo hiyo, bila kulalamika, anadokeza kwamba sabuni ilipasukia kwenye biskuti. Hapo ndipo sisi tunapojifunza kazi. Kwa hiyo tunapodai kadi, hatudai kusifiwa. Kadi ndiyo taarifa pekee inayotoka kwa mtu aliyefungua katoni kwa mikono yake.

Kero zetu ni hizi.

1. Shukrani za askari zimegeuzwa picha za ofisi

Kinachotufikia siku hizi badala ya kadi ni picha. Askari wamepangwa mistari miwili, kila mmoja amekumbatia katoni, na tukiikuza picha tunaona tepu bado nzima. Katoni hazijafunguliwa. Watu hao wanashukuru kitu ambacho hawajakiona. Picha huambatana na barua yenye maneno yale yale kila awamu na sahihi ya ofisi. Hatuna ugomvi na mpiga picha. Tunakataa picha kuchukua nafasi ya kadi. Askari aliyetolewa kwenye mapumziko yake kuja kusimama mstari wa kushukuru amepoteza saa ya usingizi, nasi hatujapata habari yoyote. Shukrani ya kuamriwa haitaji soksi wala sabuni.

Mtasema ni usalama. Hoja hiyo ni ya kweli na tumeitii tangu mwanzo. Kadi haina nafasi ya kuandika mahali, jina la kikosi wala siku ya kuhama. Ina namba ya katoni tu, namba isiyo na maana yoyote nje ya daftari letu, na muda wa kufika tunauomba kwa wiki, si kwa siku. Kama hiyo haitoshi, afisa wa kikosi asome kila kadi na kuziba kwa wino mweusi anachoona ni hatari. Kadi yenye mistari iliyozibwa bado inatufaa. Iliyofungiwa kabatini haimfai mtu. Tunakumbuka pia mwaka 2001, baada ya barua zenye kimeta kutumwa nchini Marekani, Wizara ya Ulinzi ya huko ilisimamisha barua na vifurushi vilivyoandikwa kwa askari yeyote bila jina. Ilikuwa na sababu ya kuogopa. Lakini hatari ile ilikuwa ya kitu kinachokwenda kambini kutoka kwa mtu asiyejulikana. Kadi yetu inatoka kambini kuja nyumbani.

Mtasema ndege hazina nafasi. Kadi ya A6 ya karatasi ya gramu 250 kwa mita mraba ina uzito wa gramu 4 hivi. Kadi 1,000 ni kilo 4, na ndege iliyoleta mizigo mara nyingi hurudi ikiwa nyepesi kuliko ilivyokwenda. Mwaka 1942 Marekani ilianza kupiga picha barua za askari wake kwenye filamu ndogo, mfumo ulioitwa V-mail, kwa sababu nafasi ilikuwa finyu kweli. Barua za kujaza magunia 37 ziliingia kwenye gunia 1. Leo karani mmoja mwenye simu na intaneti anaweza kupiga picha kadi 200 kwa asubuhi moja, na karatasi zenyewe zikafuata baadaye. Tunazitaka zote mbili, maana mzazi anayeshiriki kufunga katoni hutaka kuishika ile karatasi, lakini kama ni lazima kuchagua, tutaanza na picha za kadi.

Na mtasema askari hawapendi kuandika. Wapo wasiopenda, na wasilazimishwe. Visanduku hutiwa alama kwa nusu dakika. Asiyetaka hata hilo aachwe, tutajua mambo kupitia kadi za wenzake.

2. Katoni zilizotangulia kuingia ghalani ndizo za mwisho kutoka

Kadi chache zilizopenya ndizo zilizotufumbua macho kuhusu ghala. Mlango ni mmoja. Katoni mpya hupangwa mbele ya za zamani, na lori likija hupakia zilizo karibu na mlango. Za nyuma zinabaki pale pale, awamu baada ya awamu.

Kontena la chuma lililofungwa juani huweza kupita nyuzi joto 60 kwa ndani. Chokoleti huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Ikishapoa huganda upya na kupakwa weupe juu. Ni mafuta ya kakao yaliyopanda, si ukungu, lakini askari asiyejua huitupa, na hatumlaumu. Vinywaji vya unga huvuta unyevu na kuwa jiwe. Vitambaa vyenye unyevu hukauka kwa sababu gundi ya kifuniko cha pakiti hulegea. Tepu za gundi laini hulegea vilevile, katoni ikafunguka bila kuguswa. Harufu ya sabuni hupenya karatasi na plastiki nyembamba, na chochote kinacholiwa kilicholala nayo wiki 8 kina ladha ya sabuni.

Kwa upande wetu tumerekebisha tulichoweza. Chokoleti tumeiondoa kabisa isipokuwa kwenye awamu za majira ya baridi. Sabuni na shampuu zinakaa kwenye mifuko miwili ya kubana, moja ndani ya nyingine, kona ya mbali na vyakula. Vizibo vyote tunavifungua, tunaweka kipande cha plastiki mdomoni mwa chupa, kisha tunakaza tena. Tepu sasa ni ya gundi ya akriliki. Hata hivyo, hakuna ufungaji unaoweza kushindana na miezi mitatu ya ghalani.

Dawa ya ghala si ya gharama. Tarehe ya kuingia iandikwe kwa tarakimu za urefu wa sentimita 10 kwenye pande mbili za kila rundo, ziachwe njia mbili, moja ya kuingizia na nyingine ya kutolea, na lori lisipakie rundo jipya kabla la zamani halijaisha.

3. Ukaguzi unaoacha katoni hoi

Hatupingi ukaguzi, tena tunautaka. Tunalalamikia ufungaji unaofuata. Katoni tunaifunga kwa tepu ya milimita 50 kwa umbo la herufi H: mkanda mmoja kwenye mshono wa katikati, miwili kwenye kingo, juu na chini. Mkaguzi akikata mikanda yote mitatu kisha akarudishia mmoja, kingo hufumuka katoni inapobebwa na ile iliyo juu yake kuididimiza. Vitu vidogo humwagika, na vya kwanza kumwagika ni kadi na penseli. Tunaomba mkanda wa katikati ukatwe, ya pembeni ikatwe pale tu inapobidi, mikanda yote irudishwe, na ibandikwe karatasi yenye tarehe na namba ya mkaguzi. Orodha ya vitu tunaibandika chini ya kifuniko ili asilazimike kupekua hadi chini.

Kuna suala la forodha pia. Fomu ya CN 23 tunaijaza kitu kwa kitu: jozi 6 za soksi, gramu 450, betri za AA, 8, na kadhalika. Kisha ofisi ya usafirishaji huandika tamko moja kwa shehena nzima na kuweka neno “zawadi”. Neno hilo halimwambii afisa wa forodha chochote, kwa hiyo huizuia shehena hadi aelezwe. Ambatanisheni orodha zetu kama zilivyo.

Betri za akiba za simu tunazikataa wenyewe, kwa sababu betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake zimepigwa marufuku kama shehena kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016. Viberiti na mikebe ya kupuliza ni hivyo hivyo. Lakini hutokea mfadhili akaichomeka moja ndani ya soksi. Ikionekana, itolewe, namba ya katoni iandikwe, tuarifiwe. Kwa sasa rundo zima la katoni 40 huwekwa kando kwa kosa la katoni moja na hakuna anayetuambia ni ipi.

4. Walio karibu na uwanja wa ndege wanapata, walio kituo cha mbele hawapati

Namba za kadi zilizorudi zinaonyesha wazi: karibu zote zimetoka kwenye katoni zilizofunguliwa kambi kuu. Hatuwanyimi walioko huko. Wana upweke wao na kazi yao. Ila aliye kituo cha mbele, anayelala kwenye handaki na kuletewa maji kwa helikopta au kwa miguu, ndiye aliyekosa hata duka dogo la kambi.

Sababu yake ni ya vipimo. Katoni ya sentimita 40 kwa 30 kwa 30 yenye kilo 9 hupangika vizuri kwenye lori. Haiingii kwenye begi la mgongoni, na hakuna atakayeibeba juu ya risasi na maji yake kupanda mlima. Basi inabaki kambi kuu, na baada ya wiki chache inafunguliwa palepale ili vitu visiharibike.

Tulibadilisha ufungaji kwa ajili hiyo. Ndani ya kila katoni sasa mna vifuko 8 vya kilo 1 kila kimoja, kimoja kwa mtu mmoja: jozi 2 za soksi, pakiti ya vitambaa vyenye unyevu, poda ya miguu, mafuta ya midomo, pakiti 4 za unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, uzi na sindano, barua ya kutoka nyumbani, kadi na penseli. Kifuko hakipitishi maji, na kikishatolewa vitu askari anaweza kuhifadhia soksi zake kavu. Soksi ni za sufu iliyochanganywa, si pamba tupu. Pamba hushika jasho, ngozi ikalainika, malengelenge yakaja, kisha fangasi. Kinachotakiwa kwenu ni afisa ugavi wa kambi kuu afungue katoni na kupakia vifuko kwenye safari ile ile ya maji na chakula, kimoja kimoja pale penye upenyo. Hilo halijafanyika hata mara moja tuliyopewa ushahidi wake.

5. Waliohama, waliojeruhiwa na waliofariki

Hili tunaliandika kwa uzito wake. Familia nyingi hutuma kupitia kwetu vifurushi vyenye jina. Zamu ya kikosi ikikaribia kwisha, kifurushi kilichoko njiani humkuta mwenyewe ameshaondoka, hurudishwa, humkosa tena, na huishia kwenye ghala la vitu visivyo na mwenyewe. Tunaomba tarehe ya mwisho ya kupokea vifurushi vyenye majina itangazwe siku 45 kabla ya zamu kwisha. Haihitaji kutaja kikosi kinakwenda wapi. Inahitaji tarehe tu.

Aliyejeruhiwa na kupelekwa hospitali kifurushi kimfuate, kwa sababu hapo ndipo anapokihitaji zaidi. Na aliyefariki, kifurushi chake kisirudishwe nyumbani kwa posta ya kawaida kikiwa na muhuri mkavu wa “hapatikani”. Kishikiliwe mpaka afisa aliyepewa kazi ya kuihudumia familia akikabidhi kwa mkono, baada ya familia kuarifiwa rasmi na kuulizwa kama inakitaka. Mama kupokea mlangoni katoni aliyoifunga mwenyewe, tepu ikiwa haijakatwa, ni jambo ambalo hakuna ofisi inayoruhusiwa kulifanya kwa uzembe.

Mkisema majina ni mengi na kumbukumbu haziwezekani, someni yaliyofanyika Birmingham, Uingereza, mwaka 1945. Kikosi cha 6888 cha jeshi la Marekani, wanawake weusi wapatao 855 chini ya Meja Charity Adams, kilikuta maghala yamejaa barua na vifurushi vilivyolala muda mrefu, panya wakiwa wameingia kwenye keki. Walipewa miezi sita. Walifanya kazi kwa zamu tatu za saa nane usiku na mchana, wakatengeneza kadi za kumbukumbu zipatazo milioni 7, wakatumia namba za utumishi kuwatenganisha watu wenye jina moja, maana akina Robert Smith peke yao walizidi 7,500. Walimaliza kwa miezi mitatu. Hawakuwa na kompyuta.

6. Orodha ya mahitaji haijabadilishwa

Orodha mliyotupa ni ya kituo kimoja, majira mamoja. Bado inatuagiza mafuta ya kujikinga na jua kwa watu ambao kadi zao zinaomba glavu. Mwaka 1914, visanduku vya Krismasi vya mfuko wa Binti Mfalme Mary wa Uingereza vilitofautishwa: mvutaji alipata tumbaku, asiyevuta akapata pipi na vifaa vya kuandikia, wauguzi wakapata chokoleti. Kama waliweza kuuliza nani anahitaji nini wakati ule, orodha yetu inaweza kupitiwa kila baada ya miezi mitatu. Kadi zikifunguliwa njia, sisi wenyewe tutaiandika upya na kuwaletea muipitishe.

TUNAYOOMBA

Kadi zote zilizoko kwenye ofisi zenu sasa zikaguliwe na tukabidhiwe ndani ya siku 30, hata zilizochelewa, hata zilizolowa. Kila safari ya posta inayotoka kambini iwe na mfuko mmoja wa kadi, wenye hati ya kupokelea inayoonyesha idadi. Ateuliwe afisa mmoja, kwa cheo na si kwa jina, wa kujibu kuhusu vifurushi ndani ya siku 7. Nusu ya vifuko vya kila shehena ipangiwe vituo vya mbele kabla kambi kuu haijachukua chochote. Askari wasipangwe tena kwa picha za kushukuru, isipokuwa kwa hiari yao na baada ya katoni kufunguliwa. Na kwa hoja ya 5, tunaomba utaratibu wa maandishi, uliosainiwa, ambao familia zinaweza kuuona.

Tuko tayari kuleta watu wetu ghalani kufanya kazi ya kupanga marundo na kuandika tarehe, kwa muda mtakaoupanga na chini ya masharti yenu ya usalama.

Awamu ijayo ina katoni 120, sawa na vifuko 960, na kila kifuko kina kadi yake. Tutaikabidhi siku tuliyokubaliana, mtujibu msitujibu, kwa sababu askari anayeisubiri hana kosa. Tutahesabu kadi zitakazorudi na kutangaza idadi yake hadharani mwisho wa kila mwezi.

Wenu katika utumishi,

Wafungaji wa vifurushi vya askari

Nakala: Familia za askari walio kazini